Jiwe la kijani laini kwenye serpentini: ni garnieriti, shaba, au takataka za krisoprasi?

Kokoto_Dom:
Habari wakuu. Nina vipande vya jiwe la kijani kutoka kilima cha serpentini (mwamba wa kijani wenye magnesi nyingi) upande wa Haneti, Dodoma. Mishipa ni myembamba, sentimita 1 hadi 3, imepita ndani ya mwamba uliooza wenye rangi ya njano na kahawia. Mshipa mmoja una vitu viwili. Katikati ni pagumu, kijani cha tufaha, kisu hakiingii. Pembeni ni laini kama sabuni kavu, ukucha unaacha alama, na kikikauka kinapasukapasuka. Madalali wanachukua pale pagumu tu, hiyo laini wanaitupa. Mmoja anasema ni shaba, mwingine anasema ni nikeli na kwamba tani zake ni utajiri.

Maswali: (1) Hicho laini ni madini gani? (2) Kuna kipimo cha kufanya mwenyewe kabla ya kulipia maabara? (3) Kama nikeli ni ya kijani hivi, mbona picha za sampuli za Kabanga, kule kwenye nikeli ya Ngara, zinaonyesha jiwe la rangi ya shaba nyeupe?

Mwamba_Mama:
Kwa maelezo hayo, laini ni garnieriti na pagumu ni krisoprasi, kito cha kijani cha jamii ya kalsedoni (silika ngumu yenye chembe ndogo mno). Ila "garnieriti" si jina la madini moja. Ni jina la uwanjani kwa mchanganyiko wowote wa silikati za kijani zenye nikeli, magnesi na maji. Linatokana na Jules Garnier, mhandisi Mfaransa aliyeikuta nikeli hiyo New Caledonia miaka ya 1860.

Ndani ya mchanganyiko huo kuna koo kadhaa. Ukoo wa serpentini una nepuiti, Ni₃Si₂O₅(OH)₄, iliyopewa jina la Népoui hukohuko New Caledonia, pamoja na pekoraiti yenye fomula hiyohiyo ila mpangilio tofauti wa atomi. Ukoo wa talki una wilemsiti, Ni₃Si₄O₁₀(OH)₂, na jamii ya keroliti na pimeliti ambayo ni talki iliyovurugika na kubeba maji ya ziada. Ukoo wa sepioliti una falkondoiti ya Jamhuri ya Dominika. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, na hata kwa hadubini ya kawaida ni shida kwa sababu chembe ni ndogo mno na zimekaa tabaka kwa tabaka. Anayetaka jina kamili apige sampuli eksirei ya unga, kipimo cha maabara kinachosoma mpangilio wa atomi.

Nepuiti safi kabisa ina nikeli 46% kwa uzito, wilemsiti safi karibu 36.5%. Nani akutajie hizo namba akiuza jiwe, kumbuka neno "safi". Nikeli na magnesi zina chaji moja na ukubwa unaokaribiana sana (0.69 na 0.72 angstromu), kwa hiyo zinabadilishana viti ndani ya fuwele bila kuuliza. Kipande cha kijani kilichopauka kinaweza kuwa magnesi kwa sehemu kubwa, na cha kijani kilichokolea kikawa na nikeli nyingi. Hata hapo rangi inadanganya: chuma kidogo kinaivuta kwenye njano, na unyevu unaikoleza.

Ugumu wake ni 2 hadi 3. Uzito wa ujazo ni mara 2.3 hadi 3.2 ya maji, na unapanda kadiri nikeli inavyoongezeka. Hiyo kupasukapasuka ni maji yanayotoka. Jamii ya keroliti ndivyo ilivyo. Ukikidondoshea tone la maji kipande kikavu, linanywewa papo hapo.

Kuhusu Kabanga: kule nikeli iko ndani ya salfaidi (madini yenye salfa), hasa pentlanditi ikiwa pamoja na pirotiti, zilizotokana na magma chini kabisa. Hakuna kijani hapo mpaka hewa na maji viifikie. Yako imetokana na mvua. Serpentini au peridotiti ina nikeli kidogo tangu mwanzo, kama 0.2 hadi 0.3%, nyingi ikiwa ndani ya olivini. Mvua yenye asidi kidogo inaozesha mwamba kwa muda mrefu sana, inabeba nikeli kwenda chini, na maji yanapofika kwenye mwamba ambao bado mbichi ukali wake unaisha, nikeli inatua pamoja na silika ndani ya nyufa. Ndiyo maana unaikuta kwenye nyufa, haiko kila mahali.

Chenjua:
Namjibu swali la pili. Kipimo ni dimethilglioksimu, wengi tunaiita DMG. Inauzwa kwenye maduka ya kemikali za maabara. Gramu 1 yeyusha kwenye mililita 100 za spiriti ya asilimia 95.

Saga jiwe mpaka liwe kama unga wa ngano, si kama chenga. Chukua nusu gramu, weka kwenye chupa ya kioo, ongeza mililita 5 za tindikali ya haidrokloriki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji (tindikali inamiminwa kwenye maji, si kinyume). Simamisha chupa ndani ya maji ya moto dakika 20, mdomo wazi, nje penye upepo. Usishangae ikigeuka uji: hiyo ni jeli ya silika, dalili kwamba silikati imevunjika. Chuja kwa karatasi ya chujio.

Chukua mililita 1 ya maji yaliyochujwa. Weka matone mawili ya haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, halafu asidi ya sitriki ya unga kiasi cha ncha ya kisu, koroga. Sasa amonia, tone kwa tone, mpaka karatasi ya litmasi iwe ya bluu na harufu ya amonia ibaki. Utaona moshi mweupe na chupa itapata joto, usikimbilie. Mwisho matone 5 ya DMG. Mashapo mekundu ya waridi, mazito kama rangi ya ukutani, ni nikeli.

Watu wanakosea hapa: hawaweki sitriki, chuma kinageuka matope ya kahawia na kuficha kila kitu. Au wanaruka peroksaidi, na chuma cha daraja la pili kinatoa wekundu wake wenyewe ukidhani ni nikeli. Au amonia haitoshi. Ndani ya tindikali DMG haionyeshi chochote hata kama nikeli imejaa.

Shaba utaijua mapema zaidi: amonia ikiingia maji yanakuwa bluu iliyokolea kabisa. Au chukua msumari uliosuguliwa kwa msasa, uzamishe kwenye ile tindikali iliyochujwa dakika 5. Shaba inaupaka wekundu. Nikeli haiupaki. Na kama jiwe lenyewe lilitoa povu kwa tindikali baridi, fikiria malakaiti kwanza, yaani madini ya kijani ya shaba.

Krisoprasi usihangaike kuipima hivi. Nikeli yake imefungiwa ndani ya silika na haidrokloriki haiifikii, utapata jibu la uongo.

Saproliti:
Kipimo cha Chenjua ni sahihi, ila kina mtego mmoja mkubwa ambao hakuutaja. DMG ni kali mno. Mwamba Mama amesema serpentini ya kawaida ina 0.2 hadi 0.3%. Nusu gramu ya mwamba huo ikiyeyuka kwenye mililita 5 inakupa kama robo miligramu ya nikeli kwa kila mililita, na hiyo inatosha kutoa wekundu unaoonekana vizuri. Maana yake kokoto yoyote ya kilima chote itakuambia "nikeli ipo". Kwa hiyo pima sampuli mbili pamoja, kwa vipimo vilevile: ile ya kijani, na mwamba mtupu uliochukuliwa mita kadhaa kutoka mshipani. Zikilingana wekundu, huna mshipa wa maana. Ukitaka kutofautisha zaidi, punguza ile ya kijani kwa maji mara 10 kisha rudia.

Chenjua:
Kweli kabisa mkuu, hiyo ya kulinganisha iwe lazima.

Saproliti:
Sasa hilo la "tani ni utajiri". Chukua mfano. Mshipa wa sentimita 2 wenye nikeli 15% ndani ya mita 1 ya mwamba uliooza wenye 0.8%. Hesabu haraka, bila kujali tofauti ya uzito wa ujazo: 0.02 × 15 ni 0.30, na 0.98 × 0.8 ni 0.78. Jumla 1.08%. Yaani lile jiwe zuri linalopigwa picha limeongeza kama theluthi moja tu ya kile kilichokuwemo, na wewe utachimba mita nzima ili ulipate. Mbale za saproliti (huo mwamba uliooza) zinazoingia tanuruni kutengeneza feronikeli, aloi ya chuma na nikeli, kwa kawaida huwa na 1.5% kupanda.

Wafaransa wa New Caledonia walianza hivyohivyo, miaka ya 1870, kwa kufuata mishipa ya kijani. Leo kule na Sulawesi, Indonesia, wanachimba kilima kizima kwa mashine, kijani kikiwepo kisiwepo. Sababu ni uchenjuaji. Nikeli hii iko ndani ya fuwele ya silikati, huwezi kuielesha kwenye matanki ya povu kama pentlanditi ya Kabanga. Hakuna namna rahisi ya kuikusanya. Inabidi uiyeyushe yote kwenye tanuru la umeme la nyuzi 1,500 na zaidi, au kwa udongo mwekundu wa juu, upike kwa tindikali ya salfuri ndani ya mtungi wa shinikizo kwenye nyuzi 250 hivi. Musongati ya Burundi ni mfano wa karibu: ukanda uleule wa miamba na Kabanga, lakini nikeli yake maarufu ni ya lateriti (udongo na mwamba uliooza kwa mvua), na imekuwa ikitafitiwa tangu miaka ya 1970. Si kazi ya sururu na karai.

Ukitaka kujua ukweli wa eneo lako, usichague vipande. Chonga mfereji ukutani mwa shimo, upana sentimita 10, kina sentimita 5, kila mita 1 ni sampuli yake. Inatoka kama kilo 10. Vunja, changanya, gawa robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki kilo 1. Pima uzito mbichi, kausha kwenye nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, pima tena. Saproliti inaweza kuwa na maji 30%, na asilimia ya nikeli inasemwa kwa uzito mkavu. Anayekuuzia kwa tani mbichi anakuuzia maji.

Ile bunduki ya kupimia madini kwa eksirei inasaidia, lakini inasoma duara dogo kama sarafu. Ukiilenga kwenye kijani inakupa 12%, ukiisogeza kidole kimoja inakupa 0.6%. Isomee unga uliokauka na kuchanganywa. Kwenye jiwe bichi inasoma chini kuliko ukweli.

Weusi kama masizi juu ya saproliti usiupuuze pia. Ni manganizi, na mara nyingi ndiyo inayobeba kobalti.

Kokoto_Dom:
Asanteni sana wakuu. Kumbe huo "utajiri" unaweza kuwa 1.08% tu! Kwa hiyo kilicho na soko kwangu ni krisoprasi. Kuna la kuangalia huko? Naona vipande vingine vinapauka.

Mkata_Vito:
Kijani cha krisoprasi kinatokana na chembechembe ndogo mno za hiyohiyo silikati ya nikeli zilizonaswa ndani ya kalsedoni. Chembe hizo zina maji. Jua kali la muda mrefu au joto linayaondoa, na rangi inakwenda nayo. Kwa hiyo usianike vipande juani ili viwe vikavu kwa mnunuzi, na kwenye jiwe la kusagia maji yasikatike. Mkono ukihisi joto umeshachelewa.

Haneti kuna pia opali ya kijani kwenye mishipa hiyohiyo. Inafanana sana na krisoprasi, lakini ni laini zaidi (5.5 hadi 6.5, wakati krisoprasi ni 6.5 hadi 7), ni nyepesi mkononi, na inaweza kupasuka ikikaushwa ghafla. Tenganisha mapema. Kitu rahisi: uzito wa ujazo wa krisoprasi ni kama 2.6, opali haifiki 2.3. Mizani ya kidijitali, uzi na glasi ya maji vinatosha.

Ukinunua, mfute muuzaji maji. Namaanisha jiwe, kausha kwa kitambaa na uliache nusu saa. Likiwa limelowa linaficha nyufa na rangi inaonekana mara mbili. Angalia pia pembeni: ile garnieriti laini ikiingia kwa vidole ndani ya kipande, ukishaisugua inachomoka na kubaki mashimo. Kata kwanza uione ndani ndipo upange umbo la kabosheni (kito cha mgongo wa mviringo).

Kalsedoni iliyopakwa rangi ya kromi huwa inaonekana nyekundu kidogo kupitia kichujio cha Chelsea, kioo cha rangi cha kukagulia vito. Krisoprasi halisi inabaki kijani.

Mwamba_Mama:
Moja la afya. Vumbi la nikeli linasababisha saratani likivutwa kwa miaka, vumbi la silika linaua mapafu, na serpentini mara nyingi hubeba nyuzi za krisotili, ambayo ni asbesto. Ukiona mshipa mweupe au wa kijani hafifu unaochambuka nyuzinyuzi kama pamba, usiusage na usiupulize. Lowesha kila unapogonga, na barakoa iwe ya chujio la vumbi laini. Kitambaa hakizuii kitu. Ile tabia ya kuonja jiwe kwa ulimi kuona kama linanata, iacheni. Tone la maji linaonyesha kitu kilekile, na kuna kijani kingine cha nikeli, anabergiti, chenye arseniki ndani.

Kokoto_Dom:
Nimeelewa. Nachonga mifereji mitatu, moja ipite kwenye mwamba mtupu.

Saproliti:
Anza chini upande juu ukichonga, ili vumbi la sampuli ya juu lisiangukie ya chini. Na turubai iwe safi kila mita.