MREJESHO: Pilau ya Idd nikiwa najitolea Ujerumani

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza namna ya kupika pilau ya watu 20 hapa Leipzig, kwenye nyumba ya wazee ninakojitolea, kwa jiko la umeme na bila makaa ya kupalia. Asanteni sana mliojibu.

Yule aliyesema basmati haitaki maji mengi kama mchele wa Mbeya, na nimalizie kwenye oveni nyuzi 150 sufuria ikiwa imefunikwa, Mungu akubariki. Ilitoka punje mojamoja, utadhani imepaliwa.

Sufuria ya pili haikuenea kwenye oveni, nikaiacha jikoni. Chini ukoko mweusi, juu mchele una kiini. Nilipakua ya katikati tu, nyingine nikamwaga kwa aibu. Halafu nilipokaanga vitunguu mpaka viive rangi, king'ora cha moshi kikalia. Bibi mmoja akatoka chumbani keshavaa koti, tayari kukimbia!

Atakayefuata azingatie hili: bizari nzima huku inaitwa Kreuzkümmel. Mimi nilinunua Kümmel, nikidhani ndiyo hiyohiyo. Kumbe ni mbegu nyingine kabisa, wanaitia kwenye mikate na kabichi. Harufu ilinishtua nilipofungua pakiti, nikarudi mbio duka la Waturuki nilikopata nyama ya halali.

Pilipili niliitenga pembeni kama mlivyoshauri. Wazee hawakuigusa, ila kachumbari waliimaliza kabla hata pilau haijafika mezani.