Kadi za kazi za Sacco zinanakiliwa: tuzifanyeje ziwe ngumu kughushi, na leseni tuzikagueje?

Karani_wa_Steji

Wadau, habari zenu. Sacco ya matatu (chama cha ushirika cha magari ya abiria) hapa Nairobi, yenye madereva na makanga wapatao 400, inajiandaa kutoa kadi mpya za kazi. Za sasa ni PVC nyeupe zilizochapishwa kwa printa ya kawaida ya kadi: picha, jina, nambari ya uanachama, nembo, na msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa tovuti. Zinanakiliwa. Mtu aliyesimamishwa kazi kwa kuendesha gari akiwa mlevi anarudi barabarani na kadi ambayo msimamizi wa steji hawezi kuitofautisha na halisi.

Leseni ya udereva na kitambulisho cha taifa ni vigumu kuvighushi vizuri. Je, ni yapi kati ya yale yanayovilinda ambayo Sacco inaweza kuyamudu? Na dereva mpya anapoleta leseni na kitambulisho chake, tuvikagueje ofisini bila mashine? Naomba vipimo na hatua. Ushauri wa "bandikeni hologramu" tumeshapewa na kila muuzaji.

Fundi_wa_Kadi

Karani, udhaifu wa kadi yenu ni kwamba kila kilicho juu yake kilitoka kwenye printa ambayo maduka mengi ya mjini yanayo. Printa hiyo hutumia ribini ya YMCKO: manjano, majenta, samawati, nyeusi, kisha utando mwembamba wa kufunika. Rangi inakaa kwenye uso wa plastiki tu. Mwenye printa ya aina hiyo na skana akipata kadi moja halisi, amezipata zote.

Nchi nyingi zimehamishia vitambulisho na leseni kwenye polikaboneti, plastiki ngumu, kwa sababu hiyo. Tabaka kadhaa hubanwa kwa joto na shinikizo bila gundi hadi zinashikana kuwa kitu kimoja, hivyo anayejaribu kuzibandua anaiharibu kadi nzima. Leza hupenya tabaka la juu lisilo na rangi na kuchoma picha ndani. Ndiyo maana picha hizo ni nyeusi na kijivu, na hazipauki juani. Ukiangusha kadi ya polikaboneti mezani inalia kama bati. PVC inatoa mlio mzito uliofifia. Gharama ya mashine ya leza haitawafaa kwa kadi 400, kwa hiyo achaneni nayo.

Mnachoweza kufanya ni kuhamisha ulinzi kutoka kwenye printa yenu hadi kwenye kadi tupu. Agizeni kadi zilizochapwa mandhari kiwandani kwa ofseti (uchapaji wa mabamba na wino): mistari myembamba iliyosukwa, kwa wino uliochanganywa tayari kuwa rangi yake, na rangi moja ikiyeyukia nyingine taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Printa ya mghushi haina wino huo. Italazimika kuiga rangi kwa nukta za samawati, majenta na manjano. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, mstari wenu utaonekana mzima na wake utaonekana umevunjika vipande.

Ongezeni maandishi madogo sana ndani ya mistari hiyo. Hesabu yake ni hii: printa ya dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ina nukta ya milimita 0.085 (25.4 ÷ 300). Herufi inataka angalau nukta 5 za kimo ili isomeke, yaani milimita 0.42. Mkiagiza kimo cha milimita 0.25, printa ya mghushi ina nukta 3 tu, na kitakachotoka ni mstari wa madoa. Printa za dpi 600 zinaweza kukaribia kuyaandika, kwa hiyo maandishi hayo yasiwe kinga yenu pekee.

La tatu ni plastiki yenyewe. PVC nyeupe ya kawaida mara nyingi hutiwa kemikali za kuongeza weupe, nayo hung'aa buluu yote chini ya tochi ya kukagulia noti. Agizeni isiyong'aa, kisha nembo ichapwe kwa wino unaowaka chini ya tochi hiyo. Kadi ikibaki giza na nembo peke yake ikiwaka, msimamizi anaiona tofauti mara moja, hata usiku. Nunueni tochi za nanomita 365. Zile za bei rahisi mara nyingi ni za 395, na mwanga wao wa zambarau unaufunika mng'ao mnaoutafuta. Jueni pia kwamba kadi iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa kwa sabuni ya unga inaweza kung'aa kwa mabaki ya sabuni. Ipanguseni kwa kitambaa chenye maji kabla ya kumshuku mtu. Wino huo hufifia kwa jua, kwa hiyo kadi inayoning'inia kwenye kioo cha mbele kutwa nzima itahitaji kubadilishwa mapema.

Kuhusu hologramu, ile ya jumla yenye picha za funguo au tufe la dunia huuzwa kwa yeyote mwenye pesa, kwa hiyo haithibitishi kitu. Ya muundo wenu wenyewe ni nzuri, lakini gharama kubwa iko kwenye kutengeneza bamba la kwanza. Kwa kadi 400 sioni faida yake.

NambaTasa

Nakubaliana na Fundi kuhusu kadi tupu. Ila mwanya mpana zaidi ni ule msimbo wa QR. QR inayofungua tovuti haithibitishi chochote. Mghushi anaweka QR yake inayofungua tovuti yake, yenye nembo yenu na alama ya tiki ya kijani. Hakuna msimamizi anayesoma anwani ya tovuti huku abiria wanasukumana mlangoni.

Wekeni taarifa zenyewe ndani ya QR, kisha zitiwe saini ya kidijitali. Ufunguo wa siri unabaki ofisini, na ufunguo wa umma unakaa ndani ya programu ya simu ya wasimamizi. Mtu akibadilisha hata herufi moja, saini inakataa. India inafanya hivyo kwenye QR ya Aadhaar, mfumo wake wa utambulisho wa wakazi: taarifa za mwenye kadi pamoja na picha yake ndogo zimetiwa saini ya RSA ya biti 2048, na zinakaguliwa bila intaneti. Ninyi tumieni aina nyingine ya saini, Ed25519 au ECDSA ya P-256, kwa sababu saini yake ni baiti 64 tu.

Picha lazima iwe ndani ya kinachotiwa saini. Wengi wanaliruka hili na kazi yote inaharibika. Kama QR ina jina na nambari tu, mghushi ananakili QR halisi ya mwanachama mwingine, anaandika jina la huyo mwanachama, kisha anabandika sura yake mwenyewe. Programu itasema "halali", na haitakuwa imekosea, maana saini kweli ni yenu. Picha ikiwemo, simu inaonyesha sura iliyosajiliwa, na msimamizi anamlinganisha nayo mtu aliyesimama mbele yake.

Nafasi inatosha. QR ya toleo la 25, kiwango cha marekebisho M (uwezo wa kusomeka hata ikichafuka kiasi), hubeba baiti 997. Toa 64 za saini na kama 130 za jina, nambari, daraja la leseni na tarehe ya mwisho. Zinabaki takriban 800, zinazotosha picha ya kijivu ya pikseli 60 kwa 80 iliyobanwa kwa WebP (muundo wa faili za picha). Toleo hilo lina miraba 117 kila upande. Kila mraba ukipewa nukta 4 za printa ya dpi 300, pamoja na ukingo mweupe wa miraba 4 kila upande, QR nzima inachukua milimita 42 hivi. Kadi ya kawaida ni milimita 85.60 kwa 53.98, kwa hiyo inaenea upande wa nyuma. Ichapeni kwa sehemu nyeusi ya ribini (ile K). Nyeusi inayotokana na kuchanganya rangi tatu ina kingo zenye ukungu, na kamera inahangaika kuisoma.

Saini haijui kwamba mtu amesimamishwa. Basi kadi iwe na muda mfupi, mwaka mmoja kwa mfano, na programu ipakue kila alfajiri orodha ya nambari zilizofutwa. Kwa watu 400 orodha hiyo ni baiti chache tu. Simu ambayo haijapakua orodha kwa siku mbili ionyeshe onyo jekundu badala ya kuendelea kimya.

Ufunguo wa siri usikae kwenye kompyuta ya kuchapisha. Uwe kwenye kifaa maalumu cha kutia saini, kwa nywila za watu wawili, na nakala yake iwekwe mahali pengine panapofungwa. Ukiibiwa, kila kadi feki itakayotoka itakuwa "halali". Tengeni baiti moja ya kutaja nambari ya ufunguo, ili siku mkibadilisha ufunguo kadi za zamani zisikataliwe zote kwa mpigo.

Karani_wa_Steji

Asanteni sana, haya ndiyo niliyoyatafuta. Muuzaji mmoja anasisitiza kwamba kadi zenye chipu ya kugusisha zinamaliza kila kitu, na QR ni ya kizamani. Ni kweli?

NambaTasa

Muulize swali moja: mashine inasoma nini kwenye chipu? Akijibu "nambari ya chipu", mwambie hapana. Nambari hiyo hutolewa kwa yeyote anayeiuliza, na zinauzwa kadi tupu zinazokubali kuandikwa nambari yoyote. MIFARE Classic, aina ya chipu ya zamani, nayo iache, maana usimbaji wake ulivunjwa hadharani mwaka 2008. Chipu yenye maana ni ile yenye ufunguo usiotoka ndani yake: mashine inaitumia swali jipya kila mara, nayo inajibu kwa kutumia ufunguo huo. Pasipoti nyingi za kielektroniki zina njia ya namna hiyo, juu ya saini ya serikali iliyowekwa kwenye taarifa. Saini peke yake inazuia taarifa kubadilishwa, lakini haizuii chipu nzima kunakiliwa.

Kwa steji, QR yenye picha inatosha. Inasomwa na simu ambayo wasimamizi wanayo tayari.

Mkaguzi_wa_Nyaraka

Naongeza upande wa leseni na kitambulisho, maana kadi nzuri iliyotolewa kwa mtu asiye yeye ni mbaya kuliko feki. Hiyo itapita kila tochi na kila programu.

Leseni ianzie kwenye rejista, kadi ifuate. Dereva aingie kwenye akaunti yake ya NTSA (mamlaka ya usalama barabarani inayotoa leseni) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mbele yenu, kwenye kompyuta ya ofisi, na anwani ya tovuti muiandike ninyi. Msikubali picha ya skrini wala PDF aliyokuja nayo kwenye simu. Angalieni jina, nambari ya leseni, tarehe ya mwisho, na kama ana daraja D, lile la magari ya abiria. Kisha linganisheni na kadi aliyoshika, herufi kwa herufi. Cheti cha maadili mema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) nacho kikaguliwe kwa njia hiyohiyo, kutoka kwenye chanzo chake.

Baada ya hapo ndipo mnaishika kadi yenyewe. Pitisheni ukucha kwenye kingo zote nne mkitafuta utando unaonyanyuka, hasa karibu na picha. Igeuzeni taratibu chini ya taa: alama zinazobadilika zibadilike kwa mwendo, zisikae tuli kama karatasi inayometa. Kisha lenzi ya mara 10, kama alivyoeleza Fundi.

Kwenye kadi zinazofuata kanuni ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), nyuma kuna mistari mitatu ya herufi na tarakimu, 30 kila mmoja. Mstari wa pili unaanza na tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, na tarakimu ya saba ni ya uhakiki. Zidisheni kwa 7, 3, 1 mkirudia, jumlisheni, mchukue tarakimu ya mwisho ya jumla. Aliyezaliwa tarehe 15 Machi 1991 ni 910315: 63 + 3 + 0 + 21 + 3 + 5 = 95, kwa hiyo uhakiki ni 5. Mtu akigeuza mwaka kuwa 1997 na kuacha 5 palepale, hesabu inamuumbua, kwa sababu inapaswa kuwa 3. Huu si ulinzi mkubwa, maana mghushi anayeijua kanuni anaikokotoa pia. Lakini unawanasa wavivu, na wapo.

Sura ndiyo inayokosewa zaidi. Ndugu wawili wanaazimana kitambulisho halisi na hakuna tochi itakayosema lolote. Achaneni na nywele, ndevu na unene. Tazameni umbo la sikio, umbali kati ya macho, na nafasi kati ya pua na mdomo. Picha ya kadi yenu mpigeni wenyewe ofisini. Msipokee aliyotumiwa karani kwa WhatsApp, kwa sababu sura mbili zinaweza kuchanganywa kwa programu zikawa moja.

Anayesajili asiwe anayeidhinisha. Kadi tupu ziwe na nambari kutoka kiwandani, zihesabiwe asubuhi na jioni, na zilizoharibika zikatwe na kuandikwa kwenye daftari. Nakala za vitambulisho zifungiwe, au msizitunze kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, na nakala iliyotupwa ovyo inatosha kumsaidia tapeli kuchukua laini ya simu ya mtu.

Mkimnasa mwenye kadi feki, andikeni nambari, saa na steji, kisha pigieni polisi. Kutumia waraka wa kughushi ni kosa chini ya kifungu cha 353 cha Kanuni ya Adhabu. Tafadhali msimtangaze mbele ya watu pale steji. Mnajua umati wa Nairobi ukisikia neno "mwizi".

Fundi_wa_Kadi

Mkaguzi amegusa kadi zilizoharibika; msisahau ribini pia. Ribini iliyotumika hubaki na alama ya kila kilichochapwa. Sehemu nyeusi ina majina na nambari zote zinazosomeka waziwazi, na ndani ya QR mna picha. Ikitupwa kwenye pipa, mmetupa rejista nzima. Ikateni vipande au ichomeni, na muiandike kwenye daftari lilelile la kadi zilizoharibika.

Kabla ya kulipia oda nzima, takeni sampuli 20 za kadi tupu. Chapeni 10 kikamilifu, mzipe wafanyakazi wa gari moja wazitumie mwezi mzima, kisha mjaribu kusoma QR kwa simu ya bei ya chini kabisa aliyonayo msimamizi. Zile 10 nyingine zipelekeni kwenye duka la kuchapisha wawatolee nakala, kisha muwape wasimamizi halisi na nakala pamoja, na tochi na lenzi, bila kuwaambia ipi ni ipi. Wakishindwa kuzitenganisha, rudini kwa kiwanda kabla pesa haijatoka.