Mrejesho: VPN ya nyumbani kupoteza paketi

Wakuu, ile WireGuard yangu (programu ya VPN, yaani njia ya siri juu ya intaneti) kati ya nyumbani Tabata na seva ya ofisini Posta, niliyowauliza kwa sababu ping (paketi ndogo za majaribio) zilikuwa zinapita ila faili kubwa zinaganda, imetulia. Asanteni sana.

Aliyenijibu nianze na MTU (ukubwa wa juu wa paketi moja, kwa baiti) kapatia. Ping ya baiti 1472 yenye amri ya "usikate paketi" iligoma, nikashusha hadi 1412 ikapita. Jumlisha 28 za vichwa vya IP na ICMP (taarifa zinazotangulia data ya ping) ni 1440, toa 60 ambazo WireGuard inaongeza kwenye IPv4: nikaweka MTU 1380 pande zote mbili. Faili zinashuka freshi. Kubadili kebo hakukusaidia kitu, nimepoteza hela tu.

Jioni bado paketi zinapotea, hata nikizima VPN. Hiyo ni laini yenyewe, nimeshawapigia wenye mtandao, nasubiri fundi.