Mrejesho: niliyeuliza kuhusu kuomba uzamili programu tatu tu

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama kuomba uzamili wa mipango miji kwenye programu tatu tu ni kujitafutia balaa, wengi mkasema niongeze. Sikuongeza. Marekani nilifuta mapema: vyuo vingi vya kule vinatoza ada ya maombi, mara nyingi zaidi ya dola 50 kila kimoja, hata ukikataliwa. Halafu barua za mapendekezo! Wahadhiri wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wana shughuli zao. Hizo chache tu nimezipata kwa "shikamoo dokta, nilikuwa nakumbushia" zisizohesabika. Na Chevening wenyewe (ule ufadhili wa serikali ya Uingereza) fomu yao ni ya kozi tatu, kwa hiyo namba hiyo si ya kichaa.

Matokeo: Uingereza kimoja kimekataa, kingine kimenipa nafasi bila ufadhili (barua nzuri ya kumwonyesha mama), na Chuo Kikuu Ardhi cha hapa Dar wamenipokea. Naanza Ardhi, nauli ya daladala naimudu. Aliyenishauri kumwandikia mhadhiri kabla ya kuomba, ubarikiwe, mhadhiri huyo ndiye aliyenisaidia kunyoosha mada ya utafiti. Wa Uingereza nimewaomba waniahirishie mwaka mmoja, bado hawajajibu.