Sikusare ya Septemba: huku visiwani tunaionea wapi?

Kijana wa Jambiani
Assalaam alaykum. Dada yangu anayeishi Oslo amenieleza kuwa sikusare, yaani siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, imeingia jana, na kwao giza linawahi zaidi kila jioni. Nimetazama ratiba ya swala ukutani, nikaona Magharibi haijasogea kwa kiasi cha kutajika. Je, kwetu ina alama yoyote? Na kwa kuwa vitabu vya skuli huyaita majira yao ya majani kupukutika "vuli", ndiyo kusema vuli yetu imeanza?

Mwalimu Mstaafu
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta, ndiyo maana mchana wetu mrefu kabisa unaupita ule mfupi kwa robo tatu ya saa tu. Usitafute alama katika urefu wa mchana; tafuta kivuli. Simamisha kijiti cha mita 1 kiwanjani. Siku ya sikusare, kiasi cha saa sita na robo mchana, kivuli chake huwa sentimita 11 na huelekea kusini, kwani jua bado liko kaskazini yetu. Karibu na tarehe 9 Oktoba hupotea kabisa, kisha hugeukia kaskazini hadi mwanzoni mwa Machi. Ama vuli, yetu ni mvua zinazokuja baada ya kusi kulegea, kati ya Oktoba na Disemba. Tafsiri hiyo ya vitabuni sijapata kuipenda.

Mkulima wa Mwani, Paje
Maalim amesema kweli, lakini sisi wa pwani tunaiona baharini. Mwezi unapoandama au kuwa mpevu karibu na sikusare, jua na mwezi huvuta maji vikiwa karibu na mstari wa Ikweta, na bamvua lake, yaani maji kujaa na kupwa kwa wingi, hupita mabamvua mengi ya mwaka. Saa nne asubuhi maji hutoka mpaka vijiti vya mwani vya safu ya mwisho, ambavyo siku nyingine huvifikia maji yakiwa kifuani, vinasimama mchangani vikavu. Jioni maji hayohayo hupanda hadi kwenye mizizi ya minazi.

Kijana wa Jambiani
Shukrani, Maalim, nawe dada. Leo nimepima: sentimita 10 na kidogo, kusini. Dada yangu naye kapima kijiti cha urefu huohuo huko Oslo, akapata mita 1 na robo tatu, kuelekea kaskazini.