Mrejesho: Usiku mmoja melini katika Ghuba ya Ha Long

Ndugu zangu, kama nilivyoahidi, naleta mrejesho. Niliwauliza iwapo niahirishe safari ya kulala melini katika Ghuba ya Ha Long, Vietnam, mwezi Februari, kwa kuwa utabiri ulionyesha ukungu na manyunyu. Wengi wenu mlinishauri niende, mkisema kuwa vile visiwa vya mawe ya chokaa, vilivyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, hupendeza hata vikiwa na ukungu. Nilikwenda, na kwa kweli nimesikitika. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kisiwa kilijitokeza ghafla ubavuni mwa meli, miti yake ikidondosha maji, kisha kikamezwa kabla sijainua kamera. Matembezi ya mitumbwi yalifutwa, nasi tukashinda ukumbini tukitazama madirisha yakichuruzika maji. Faraja yetu pekee ilikuwa pango la Sung Sot. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wenye meli walijua mapema kuwa mitumbwi haitashushwa, wakanyamaza hadi tulipokwisha kulipa. Nimewaandikia kudai sehemu ya fedha zangu, na bado hawajajibu. Nikirudi, itakuwa Oktoba au Novemba, anga inapokuwa safi zaidi.