Mrejesho: gari lililokuwa likiongeza mwendo lenyewe

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu gari langu la zamani la V8 (injini ya silinda nane): nikikanyaga mafuta kwa nguvu, mwendo unazidi kupanda hata nikiachia pedali. Kabureta (kinachochanganya mafuta na hewa) nilisafisha, springi ya kurudisha mafuta nikabadili, wapi.

Aliyesema nikague maunti za injini, yaani vishikizo vya raba na chuma vinavyoishikilia injini kwenye gari, alipatia. Raba ya kushoto ilikuwa imeachana kabisa na chuma. Injini ikivuta, upande ule unanyanyuka, fimbo ya mafuta inayotoka kwenye pedali hadi kabureta inavutwa, kabureta inafunguka zaidi, injini inanyanyuka tena. Gari likiwa limezimwa huoni kitu. Tuligundua tulipoinua injini taratibu kwa jeki, ubao ukiwa chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini).

Nimebadili maunti zote mbili. Siku ile mwendo ulipopanda wenyewe, kilichoniokoa ni kutoa gia na kuzima injini. Asanteni sana, hasa huyo ndugu.